TAHADHARI: "Famasi miezi 6, matokeo yoyote, ajira uhakika"

Wenye wadogo waliomaliza kidato cha nne, someni hili kabla hamjatuma hata mia.

Mdogo wangu alipata D ya Biolojia, Kemia akaangukia F. Famasi akawa ameshaisahau, mpaka alipokuta tangazo kwenye nguzo ya umeme lenye maneno hayo hapo juu. Nikampeleka mwenyewe. Chuo kina vyumba viwili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani wametundika vyeti vitatu ndani ya fremu. Nikavitupia jicho, nikaridhika, nikalipa. Hapo ndipo nilipopigwa.

Nilikuja kuvisoma siku niliyokwenda kudai hela. Kimoja usajili wa kampuni kutoka BRELA, cha pili TIN ya TRA, cha tatu leseni ya biashara. Vyote halali kabisa! Ila hakuna hata kimoja kinachoruhusu kufundisha famasi. Usajili wa chuo ni NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na angalia na kozi yenyewe kama imepewa ithibati. Chuo cha kompyuta chenye usajili wake safi hakigeuki cha famasi kwa sababu wamenunua makoti meupe.

Laki nane na nusu, kwa awamu, kwa simu. Kila nikituma linatokea jina la mtu binafsi. "Huyo ndiye mhasibu wetu." Nami nikakubali, na umri huu.

Miezi sita mtoto kasoma fotokopi tu, trei ya kuhesabia vidonge hajawahi kuishika. Akatoka na cheti chenye muhuri wa dhahabu mkubwa kama kisosi. Akakipeleka kwa mama mmoja mwenye duka la dawa muhimu mtaani kwetu. Mama akakigeuza mbele na nyuma: "Mwanangu, Baraza la Famasi wanakutambua wapi hapa? Wakija wakaguzi nikufiche uvunguni?"

Famasi ya kweli inaanzia NTA (ngazi za kitaifa za mafunzo ya ufundi) ngazi ya 4 mpaka ya 6, miaka mitatu kufikia stashahada. Kuingia ni D nne ukiacha masomo ya dini, na Kemia na Biolojia lazima ziwemo. Anayekwambia "matokeo yoyote" ameshakujibu.

Watakuja na gia nyingine pia, kwamba ni "kozi ya ADDO", yaani ya maduka ya dawa muhimu. Mafunzo ya watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yalikuwa ya wiki chache kweli, lakini yalilenga watu waliokwisha kupita kwenye mafunzo ya afya, kama wauguzi wasaidizi. Hayakuwa ya mtu anayetoka shule moja kwa moja.

Mdogo wangu sasa anarisiti Kemia. Mimi nina RB ya polisi na meseji zote za malipo. Kama nawe ulilipa kwa "mhasibu", usifute meseji zako, njoo inbox. Juzi nimepita pale kwenye nguzo: tangazo jipya, namba nyingine, safari hii ni "Uuguzi miezi 4".