Krita na Anga la Njozi: Tathmini ya Mchoraji wa Kirumba

Niliombwa kuchora picha ya ukutani kwa ajili ya darasa la chekechea, nayo ilitakiwa kuonyesha anga la Ziwa Victoria si kama linavyoonekana kwa macho, bali kama mtoto angelisimulia asubuhi baada ya kuliota: Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani Mwanza, likielea kama wingu, mwezi umekaa ndani ya mtumbwi, na kundi la dagaa likipita mahali ambapo nyota zingekuwa. Kazi hiyo ilinichukua jioni kumi na moja nikiwa barazani kwangu Kirumba, Mwanza, na yote niliifanya kwa Krita, programu ya kuchorea ambayo hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki, na hutengenezwa ndani ya KDE, jumuiya ya watengenezaji programu ambayo hutoa programu zake pamoja na msimbo wake.

Sifa ya kwanza ninayoipa ni brashi zake. Zipo zaidi ya mia moja tangu siku ya kwanza, na nyingi sikuzigusa kabisa, lakini zile zinazochanganya rangi kana kwamba bado ni mbichi ndizo zilizonifanya nisitamani programu ya kulipia. Jua linapozama upande wa Sengerema, anga letu halikatwi kwa mistari. Chungwa huingia ndani ya zambarau polepole, kisha zambarau humezwa na samawati nzito. Kwa brashi hizo niliweka mapande matatu ya rangi, nikayavuta moja ndani ya jingine kwa kalamu, na kwa kuwa programu husoma nguvu ya mkono, mkandamizo mwepesi uliacha ukungu ilhali mkandamizo mzito uliburuta rangi yote. Ukibonyeza kitufe cha kalamu, au kitufe cha kulia cha kipanya, hutokea duara lenye brashi unazozipenda na gurudumu la rangi katikati yake, hivyo mkono hauhangaiki kwenda pembeni mwa skrini. Vilevile herufi E huigeuza brashi yoyote kuwa kifutio chenye umbo lilelile, jambo linaloonekana dogo mpaka utakapotaka kulimegua wingu kwa brashi ileile iliyolijenga.

Mawingu ndiyo yaliyonila muda. Nilitaka kila wingu liwe na nakshi za kitenge tumboni, bila rangi hata chembe kuvuka ukingo wake. Krita ina njia ya kufanya hivyo. Picha hujengwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na tabaka la juu linaweza kurithi uwazi wa yaliyo chini yake, kwa hiyo nakshi huonekana pale tu ambapo chini pana rangi. Jioni ya kwanza niliibonyeza alama ya kurithi uwazi na hakuna kilichobadilika, nikadhani programu imeharibika. Kosa lilikuwa langu. Chini ya wingu kulikuwa na tabaka la anga lililojaa rangi kutoka kona hadi kona, na nakshi zilikuwa zikirithi uwazi wa vyote viwili. Dawa yake ni kuliweka wingu pamoja na nakshi zake ndani ya kundi moja, ndipo urithi unapoishia humo ndani. Ningependa watengenezaji walieleze jambo hili palepale mtu anapobonyeza, kwani mgeni hana namna ya kulibuni. Nakshi zenyewe nilizichora kwa hali ya kujirudia, ambayo huwashwa kwa herufi W: kinachotokea upande wa kulia hurudi kuingia upande wa kushoto, na kipande kimoja hujirudia pasipo kuonyesha maungio, kama ilivyo kwenye kitambaa cha dukani.

Kuhusu dagaa sina mengi. Nilichora mmoja, nikamnakili, nikawapinda kidogo mmoja mmoja ili wasifanane kama askari wa gwaride. Chini yao niliweka taa za wavuvi, zile zinazotapakaa ziwani usiku wa giza na kupotea wakati wa mbalamwezi, na kwa tabaka lililowekwa katika hali ya kuongeza mwanga, nukta ya manjano hafifu ilitosha kuwaka juu ya maji meusi.

Sasa gharama yake, ambayo si ya fedha. Picha yangu ilikuwa ya ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3508 kwa 4961, na kwa ubora wa kawaida wa biti 8 (kipimo cha wingi wa vivuli vya rangi) tabaka moja lililojaa rangi huhitaji takriban megabaiti 70 za kumbukumbu. Weka matabaka ishirini ya namna hiyo na umeshavuka gigabaiti moja na ushei. Kompyuta yangu ina gigabaiti 4, na ilipofika tabaka la kumi na nane brashi kubwa zilianza kuufuata mkono kwa kuchelewa, kama mwangwi. Nilitamani kutumia biti 16, kwa sababu mpito mpana wa rangi angani ukiwa na biti 8 unaweza kuonyesha mikanda, lakini hilo lingeongeza mzigo mara mbili, basi nikaificha mikanda kwa kupitisha juu yake brashi yenye chembechembe. Umeme ulipokatika usiku wa tano, programu ilinipa nakala ya dharura nilipoifungua tena, na nilipoteza kipande kidogo tu cha mtumbwi.

Maandishi sikuyaweka humo. Sehemu hiyo kwa miaka mingi imekuwa dhaifu kuliko nyingine, na kichwa cha picha nilikiandika kwa Inkscape, programu nyingine ya kuchorea. Wanaotegemea simu pia wasubiri, maana toleo la Android limekusudiwa skrini kubwa za tableti.

Kabla ya kupeleka picha kuchapwa, nilibonyeza Ctrl na Y ili nione rangi zitakavyotokea kwenye karatasi. Samawati yangu ya usiku, ambayo nilikuwa nimejivunia kwa wiki nzima, ilififia papo hapo ikawa kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Niliongeza zambarau kidogo, nikapunguza weupe wa mwezi, na nilichokiona kwenye skrini baada ya hapo ndicho kilichotoka kwa mchapaji.