Dakika 30 za rali, na kiti chenye magurudumu

Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka. "Anko, wacha Probox kidogo, twende ujaribu rali ya kweli." Ilikuwa Jumapili moja juzi juzi hivi, duka la gemu mjini Nakuru, ghorofani. Jina silitaji. Bado nina hasira.

Nimebeba abiria Nakuru–Molo kwa hiyo Probox yangu miaka mingi. Barabara ya Salgaa naijua usiku, mvua ikinyesha, lori likinipumulia mgongoni. Kwa hivyo nilitoa shilingi 200 nikijua naenda kufundisha.

Kona ya kwanza tu, nikaingia kwenye migunga. Na kosa si langu! Usukani wameufunga mezani vizuri, pedali ziko sakafuni, lakini kiti ni kile cha ofisini, chenye magurudumu. Breki yenyewe ni ngumu, inataka mguu mzima. Ukiikanyaga, gari halisimami, wewe ndiye unarudi nyuma. Niliteleza hadi karibu na mlango. Kijana wa duka akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikamwomba kiti cha kawaida, hata cha plastiki.

"Mzee, wengine hawalalamiki. Hapa si kwa Probox."

Kisha akabonyeza-bonyeza, gari likaanza kujifungia breki lenyewe. Nikamuuliza amefanya nini. "Nimekuwekea ile ya watoto." Ya watoto! Leseni yangu imemzidi umri huyo. Nikamwambia airudishe alivyoikuta, na saa yangu ilikuwa inahesabu tu.

Halafu kuna yule msoma njia anayekaa kando ya dereva, anapayuka Kiingereza mbio mbio: kushoto sita, kulia tatu. Nikadhani ni gia. Akisema sita natafuta ya sita, haipo, gari linalia tu. Mpwa wangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba namba ni ya kona: sita imekaribia kunyooka, moja imejikunja kabisa. Kijana alijua muda wote. Alikuwa kwenye simu yake.

Basi mpwa akaketi nyuma yangu, mgongo ukutani, akakizuia kiti kwa miguu. Hapo ndipo nilipoona gemu. Njia ni ya Safari Rally, na lile vumbi la Naivasha ni lenyewe. Tangu mashindano ya rali ya dunia yarudi Kenya mwaka 2021 nimelila vumbi la rali mara kadhaa nikitazama kule Soysambu, yanakopita magari. Ukikanyaga breki huku unakata kona, pua inakataa kugeuka. Lazima uipunguze ingali imenyooka, uiachie, ndipo ukate. Ndivyo ninavyoshuka kutoka Mau Summit nikiwa na magunia ya viazi nyuma! Usukani unakuvuta mikono hadi viwiko vinauma. Kinachokosekana ni makalio. Gari la kweli likianza kuteleza, makalio hujua kabla ya macho. Hapa kiti ni mfu, na hicho kiti nimeshakisema.

Nilikuja hapa kuwaambia msipoteze pesa. Gemu ni nzuri, jamani. Ni nzuri mno. Duka ndilo msiende.

Zilibaki kona kama tatu nimalize, skrini ikazimwa. "Muda umeisha, mzee." Nikamkumbusha dakika alizozila yeye na ile yake ya watoto. Akaita mteja mwingine.

Jumamosi narudi. Kiti changu cha mbao nitakifunga juu ya Probox.