Plazma imezimika: uanze na sensa au na ndoo?

ICP, mashine ya maabara inayopima elementi kwenye sampuli kwa plazma (gesi yenye joto kali sana), inapozima plazma na kulalamika kwamba maji ya kupoza hayatoshi, mafundi wa maabara hugawanyika.

Wapo wanaokimbilia namba ya sensa ya mtiririko, kifaa kinachopima maji yanayopita. Ni haraka: unasoma kwenye kompyuta, hufungui mpira wowote, sakafu hailowi. Ila sensa nayo huugua. Kigurudumu chake kikikwama kwa uchafu, kitasoma sifuri huku maji yanapita vizuri, nawe utaagiza pampu bure.

Wengine huchomoa mpira unaorudisha maji kwenye chila (mashine inayoyapoza na kuyazungusha), huuelekeza kwenye ndoo yenye vipimo, kisha huwasha chila kwa dakika moja. Utalowa, na lazima uongeze maji tangini ili pampu isizunguke kavu, lakini lita hazina siasa. Zikifikia kiwango cha kitabu cha mashine, ishuku sensa. Zikipungua, fungua filta kwanza. Ule utelezi wa kijani utakaoukuta humo ni mwani. Mimi huanza na ndoo.

Kama mtiririko ni mzuri ila maji yanapata moto, achana na vyote viwili, kapulize vumbi litoke kwenye kondensa, sehemu ya chila inayotoa joto nje.