Nilipopima kaboni ya udongo wetu Lushoto

Babu alifyeka msitu kupata shamba, baba akageuza nusu yake malisho. Nilitaka kujua udongo umepoteza nini, nikafunga mifuko ya udongo wa kina cha sentimita 30 kutoka shamba la mahindi, malisho, na kipande cha msitu tulichokiacha bila kukatwa.

Maabara niliyoiendea ina fundi anayejua kazi. Hata hajafungua mifuko, akauliza: "Dada, pete ziko wapi?" Akanieleza kwa subira kwamba asilimia ya kaboni peke yake haitoshi. Ng'ombe hushindilia ardhi, hivyo sentimita 30 za malisho hubeba udongo mzito kuliko za msituni. Ukilinganisha kina kwa kina, malisho yataonekana yana kaboni zaidi ya ukweli. Inabidi kulinganisha uzito ule ule wa udongo. Akaniazima pete za chuma za sentimita za ujazo 100, za kuchotea udongo wa ujazo unaojulikana ili uzito wake upatikane, nikarudi mlimani. Udongo wa ndani ya pete hukaushwa kwa nyuzijoto 105, kisha hupimwa uzito.

Kilichoniudhi ni karatasi ya majibu. Haikutaja njia waliyotumia! Mpaka nilipopiga simu ndipo nikaambiwa ni Walkley-Black, njia ya kupima kaboni kwa kemikali, na kwamba hawakuzidisha majibu kwa 1.3 kufidia upungufu, ingawa njia hiyo kwa kawaida hukamata takriban asilimia 77 tu ya kaboni. Anayelinganisha na majibu ya maabara nyingine atapotea kabisa. Tena yalichelewa wiki mbili.

Bei ni nafuu. Nitarudi kwa ajili ya yule fundi.