Bolti 5 za krenki na duka moja la spea la Ngamiani: uzoefu wangu

Miezi kadhaa iliyopita niliamua kuiondolea gia baiskeli yangu ya mtumba, ile ya Kijapani yenye usukani uliopinda, ili ibaki na sproketi moja (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) mbele na friwili ya sproketi moja nyuma. Anayeishi Tanga hahitaji kuelezwa sababu. Mji wetu ni tambarare, kutoka Raskazone hadi Mikanjuni hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho, ilhali upepo wa bahari hula vile vispringi na viroda vya kubadilishia gia hata kabla hujavizoea. Baiskeli ya gia moja haina cha kuharibika zaidi ya mnyororo. Kazi yenyewe nilidhani ingekuwa nyepesi, na kwa kweli sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Kilichonisumbua, na kinachonifanya niandike leo nikiwa bado nina hasira, ni bolti 5 ambazo zote kwa pamoja zinaenea kwenye kiganja cha mtoto, pamoja na maneno niliyoambiwa na mtu aliyeniuzia.

Kwanza nieleze bolti hizo ni zipi, kwa sababu hata mafundi wazuri huzichukulia kimzaha. Krenki yangu, yaani chuma kinachobeba pedeli, ilikuwa na sproketi 2, ya nje yenye meno 52 na ya ndani yenye meno 42, zote zikiwa zimeshikwa kwenye mikono 5 ya krenki kwa bolti ambazo nati zake zina umbo la bomba. Bomba hilo hupita kwenye sproketi ya kwanza, kwenye mkono wa krenki, na kwenye sproketi ya pili, halafu bolti huingia ndani yake kutoka upande wa pili. Ukiitoa ile ya meno 52 ukabaki na moja tu, unene wa vyuma vinavyobanwa umepungua kwa milimita chache, lakini bomba ni lilelile. Matokeo yake ni kwamba kichwa cha bolti hugota kwenye mdomo wa bomba kabla ya kuibana sproketi. Mkono unahisi bolti imekaza, na kweli imekaza, ila imejikaza yenyewe. Sproketi inabaki ikicheza. Dawa yake ni bolti fupi zinazotengenezwa kwa ajili ya sproketi moja. (Kama krenki yako imepigwa ribiti badala ya bolti, habari hii haikuhusu, maana sproketi hizo hazitoki bila kuharibiwa, tafuta krenki nyingine.)

Duka ninalolizungumzia liko Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za namba. Sitalitaja jina. Ni duka lenye sifa, na sifa nyingine inastahili, kwa sababu friwili niliipata hapo, yenye meno 18, ikaingia kwenye uzi wa habu yangu (kitovu cha gurudumu) kama iliyozaliwa nayo. Kijana wa dukani, ambaye nadhani ni mwajiriwa, aliniambia bila hata kumuuliza kwamba mnyororo mwembamba wa baiskeli ya gia hautakaa vizuri kwenye meno mapana ya friwili ya baiskeli za kazi, kwa hiyo nichukue mnyororo mpana wa moja ya nane ya inchi, ambao utakaa huko nyuma na pia kwenye sproketi nyembamba ya mbele. Aliyosema ni kweli tupu. Kwa meno 42 mbele na 18 nyuma, pedeli zikizunguka mara 1 gurudumu linazunguka mara 2 na theluthi, nao ni mwendo unaofaa sana kwa barabara zetu. Kama hadithi ingeishia kwa kijana huyo, ningekuwa naandika sifa tupu.

Haikuishia hapo. Kwa ajili ya bolti nilirudi siku nyingine nikamkuta mwenye duka mwenyewe. Ni mtu mzima, umri wa baba yangu mdogo, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo kama nilivyolelewa. Hakuitikia. Nilidhani hakusikia, nikarudia, akaniangalia usoni na kusema, "Unataka nini wewe?" Wasio wa Tanga huenda wasione uzito wa jambo hili. Hapa kwetu hata mtu anayekudai huitikia marahaba kwanza, ndipo adai. Nilimeza, nikatoa mfukoni bolti moja ya zamani na nati yake, nikaweka kaunta pamoja na sproketi, nikamweleza kwamba nahitaji 5 za namna hii lakini zenye bomba fupi. Hakuigusa. Akasema kwa sauti ya kuwasikilizisha wateja wengine, "Mtu mzima unahangaika na bolti za kitoto. Kama huna hela ya krenki nzima, panda daladala."

Nilipaswa kuondoka, ila sikuwa nimeziona bolti hizo duka jingine lolote mjini, na kijana alikuwa ameshachomoa kwenye droo pakiti ya plastiki iliyobanwa kwa pini juu. Niliomba kuifungua nilinganishe. Mwenye duka akajibu kwamba ukiifungua umeinunua. Nikamuuliza yeye mwenyewe kama ni fupi, akasema ni fupi. Bei yake ilizidi bei ya friwili nzima. Nikalipa, nikafungua palepale mlangoni, nikasimamisha nati moja mpya kando ya ile ya zamani juu ya kizingiti: vimo vilikuwa sawa kabisa, ukipitisha ukucha juu ya vichwa vyake hausikii ngazi yoyote. Nikageuka ndani hapohapo. Mwenye duka akanionyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akachota kwenye kopo washa za bati, akazimwaga mbele yangu na kusema, "Weka mbilimbili kila bolti, utafika Mombasa nazo."

Basi nikaweka washa, kama alivyoagiza mwenye mali. Washa zile zilikuwa laini, zimekatwa kwenye bati jembamba, zenye tundu kubwa kuliko inavyotakiwa, na ukizikaza unaona kingo zinajikunja kuelekea ndani. Kwa siku za mwanzo baiskeli ilikwenda vizuri, na kwa muda nilianza hata kumsamehe. Halafu asubuhi moja, kwenye barabara ya kwenda Pongwe, nilisikia mlio mdogo wa "tik" kila pedeli ya kulia iliposhuka. Nilikuwa natafuta pa kusimama nilipohitaji kukanyaga kwa nguvu ili kulipisha lori la saruji lililokuwa linakuja nyuma yangu, na hapo mguu ukashuka bila kushika chochote. Sproketi ilikuwa imelala upande, mnyororo umetoka, bolti moja imeanguka sijui wapi, na mimi niko nusu kwenye lami na nusu kwenye kokoto huku lori likipita karibu kiasi cha kunipepea shati. Breki za mkono ndizo zilizonisaidia. Nilipozikagua washa zilizobaki, nyingine zilikuwa zimepasuka na nyingine zimekuwa bapa kama karatasi.

Niliirudisha baiskeli mjini kwa kuikokota, na nilipofika dukani sikuwa nataka fedha. Nilitaka aseme pole. Nilimwekea kaunta washa zilizopasuka, nikamwambia kilichonipata pale Pongwe. Alizisukuma kwa mgongo wa mkono zikaanguka upande wangu wa kaunta, akasema, "Mimi nauza vyuma, siuzi safari." Wateja wawili watatu walicheka. Kijana wa dukani hakucheka. Aliinama akaniokotea washa moja iliyokuwa imeviringika chini ya rafu, akanikabidhi bila neno, na mimi namshukuru kwa hilo.

Aliyenitoa kwenye tatizo hili ni fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mkungu, si mbali na soko la Mgandini, ambaye hana duka wala droo, ana sanduku la mbao na jiliwa iliyopigwa misumari kwenye gogo. Aliitikia marahaba, akaniambia, "Kaa hapo, mwanangu, tuone." Alishika sproketi na mkono wa krenki kwa vidole 2 akapima unene wake kwa kipande cha waya, kisha akasema bomba la nati lazima liwe fupi kidogo kuliko unene huo, vinginevyo litagota tena. Kabla ya kukata aliingiza bolti ndani ya nati hadi mwisho, ndipo akaibana kwenye jiliwa na kuanza kulisaga bomba kwa tupa. Nilimuuliza kwa nini asitumie msumeno wa chuma amalize haraka. Alinieleza kwamba msumeno ungeupinda mdomo wa bomba, na kwamba ile bolti iliyo ndani, akiichomoa baada ya kusaga, itausafisha uzi na kuurudisha kwenye njia yake. Ikawa hivyo: ilipotoka ilitoka na unga wa chuma, na iliporudi iliingia kwa vidole bila spana. Alisaga pia ncha za bolti zenyewe ili zisichomoze, akanipa ya kwake moja badala ya ile iliyopotea, akapaka grisi kwenye uzi kwa sababu ya chumvi ya hewa yetu, akazikaza kwa kurukia, ya kwanza kisha ya tatu, asizifuate kwa mzunguko. Sproketi aliiweka upande wa ndani wa mikono ya krenki, kwa kuwa friwili ya sproketi moja kwenye habu ya gia hukaa ndani, karibu na spoki, na mnyororo unatakiwa kunyooka. Aliponidai nilidhani amesahau kuhesabu nati nyingine.

Tangu hapo bolti hazijalegea hata mara moja, na hili nalisema kwa furaha kubwa kwa sababu ile ndiyo baiskeli ninayokwendea kazini kila siku. Anayetafuta bolti fupi Tanga asizitafute. Achukue zake za zamani, kama ni za chuma na hazijalika, ampelekee fundi mwenye jiliwa na tupa na subira. Za aluminiamu nisingemshauri mtu asage, kwani ni laini na hukatika zikikazwa vibaya hata zikiwa nzima. Anayetaka za dukani azitafute Kariakoo, atumiwe kwa basi, ila kwanza aombe apigiwe picha ya nati ikiwa imewekwa kando ya rula.

Kuhusu duka lile la Ngamiani, nilipoanza kuandika nilikusudia kusema watu waende tu, wachague siku ambayo mwenyewe hayupo, kwa maana friwili zao ni nzuri na kijana wao anaijua kazi. Mnyororo walioniuzia haujanisumbua, na haki ni kuliweka hilo wazi. Lakini kila ninapofika kwenye ule mgongo wa mkono ukizisukuma washa zianguke, moyo unakataa. Mtu aliyeambiwa kwamba ushauri wake ulikaribia kumweka mwenzake chini ya lori, akajibu kwa kejeli, atamuuzia kesho mtoto wa mtu breki mbovu na kumjibu hivyohivyo. Msiende. Kijana yule nimemwambia akipata mtaji afungue kibanda chake, hata cha meza moja, na mimi nitakuwa mteja wake. Kwa sasa friwili yangu ikichoka nitaagiza nyingine kutoka Dar, na nauli ya mzigo nitailipa.