KoboCollect kwa utafiti wa siasa vijijini Dodoma: inabeba nini, inaacha nini

Mhadhiri wa sayansi ya siasa Dodoma anadaiwa kazi tatu: kutafiti, kufundisha na kurudisha matokeo kwa wananchi. KoboCollect, programu ya bure ya kujazia dodoso kwenye simu ya Android, inaibeba ya kwanza vizuri, ya pili kiasi, ya tatu haigusi kabisa.

Sifa yake kubwa ni kufanya kazi bila mtandao. Kijiji cha ndani huko Chemba au Bahi, majibu yanakaa kwenye simu mpaka mdadisi afike penye mtandao. Hapo ndipo wanaoanza kuitumia huharibu: fomu iliyobaki rasimu haitumwi mpaka ikamilishwe, na anayeiondoa programu kwenye simu kabla ya kutuma anaondoka na kazi ya siku nzima. Simu zote zikaguliwe kila jioni, kabla ya chakula.

Dodoso likizidi maswali thelathini, liandike kwenye Excel, kisha lipakie, badala ya kubofyabofya kwenye tovuti ya Kobo inakotengenezewa dodoso. Safu ya relevant inaruka maswali yasiyomhusu mtu. Aliyesema hakupiga kura asiulizwe foleni ilikuwaje. Safu ya constraint inakataa umri chini ya miaka 18. Kwenye maswali ya kuchagua zaidi ya moja, misimbo ya majibu (majina mafupi ambayo programu inahifadhi) isiwe na nafasi, kwa sababu programu inatumia nafasi kutenganisha jibu na jibu. Andika maji_safi, si maji safi. Orodha ya vyama unaweza kuichanganya kwa randomize=true ili chama cha juu kisipate upendeleo wa bure, ila "amekataa kujibu" nalo linaingia kwenye mchanganyiko na kuibukia katikati ya vyama. Inakera.

Swali la saa ni mtego ambao mwongozo wa programu hautakuambia. Mzee akisema alifika kituo cha kura saa mbili asubuhi, mdadisi anaingiza 2:00, na simu inasoma saa nane usiku. Weka machaguo ya maneno tu: kabla ya saa mbili, saa mbili hadi saa nne, na kuendelea.

Kila lugha inapewa safu yake ya maswali. Chamwino andaa Kigogo, Kondoa Kirangi, na mdadisi awe anaiongea lugha hiyo, si kuisoma tu. Jaribu dodoso kwenye kijiji kisichomo kwenye sampuli, kaya 10 hadi 15 zinatosha kuonyesha swali lililopinda. GPS ichukuliwe nje. Chini ya bati inayumba.

Hakuna programu itakayokusaidia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anawasindikiza wadadisi kwa nia njema, anavuta kiti, anakaa. Ukiuliza kuhusu utendaji wa serikali ya kijiji mbele yake, utapata sifa tupu. Mpe msimamizi wako kazi ya kuzungumza naye pembeni. Barua nayo ifuate ngazi: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Ukiruka mmoja, unarudishwa.

Wala programu haikupangii sampuli. Watu 400 wanakupa kosa la takribani asilimia 5 juu au chini pale tu walipochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Ukichukua 20 katika kila kijiji, majirani hufanana mawazo, na kosa linaweza kufika asilimia 7. Tasnifu nyingi hulisahau hili.

Kufundishia, kipengele cha audit ndicho hazina. Kinarekodi muda uliotumika kwa kila swali, kwa hiyo dodoso la dakika 40 lililojazwa kwa dakika 9 linajitaja lenyewe. Wanafunzi wakijua kipo, hawakai chini ya mti kubuni majibu.

Tahadhari ni faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka itikadi ya siasa kwenye taarifa nyeti, na seva za Kobo, kompyuta zinakohifadhiwa majibu, ziko nje ya nchi. Usikusanye jina wala namba ya simu kama huna mpango wa kumrudia mtu huyo. GPS chukua ya katikati ya kitongoji, si ya mlangoni. Mpango wa bure una kikomo cha majibu kwa mwezi na cha hifadhi; rekodi za sauti hukimaliza haraka.

Mrejesho ndio doa. Chati zake ni za skrini, na mkutano mkuu wa kijiji hauna projekta. Chukua karatasi tatu za manila na kalamu nene, andika "watu 6 kati ya 10" badala ya asilimia, hesabu ya kijiji kile peke yake isitajwe kama uliwahoji 20 tu, na muombe mtendaji nafasi kwenye ajenda mapema. Mkutano huo kisheria huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukikosa mmoja, unasubiri.