Vikomo vya nafasi kwenye Dovecot: uzoefu wangu

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa ina seva yake ya barua pepe. Postfix inapokea na kutuma, Dovecot inatunza masanduku. Kazi yetu ni nyaraka zilizoskaniwa, na kiambatisho kikipita kwenye barua pepe huongezeka uzito kwa karibu theluthi nzima: faili ya MB 9 inafika ikiwa kama MB 12. Jumatatu moja diski ilijaa, na diski ikijaa hapati barua mtu yeyote, hata mwenye sanduku tupu. Ndipo nilipowasha vikomo vya Dovecot, GB 2 kwa kila mtu.

Kuwasha ni mistari michache tu. Shida ilikuja wiki ya pili, kwa dada wa uhasibu. Sanduku lake lilijaa bila yeye kujua. Akituma barua, inaondoka vizuri, lakini nakala yake inakataliwa kuingia kwenye folda ya zilizotumwa. Kompyuta inamwonyesha kosa, anadhani haikwenda, anatuma tena. Mteja akapata ankara ileile mara nne, akapiga simu kwa hasira kuuliza anadaiwa kiasi gani. Dada akaanza kufuta barua za zamani, nako akakwama, kwa sababu programu yake hufuta kwa kunakili kwanza kwenda folda ya taka, na sanduku lililojaa halipokei nakala. Aliniita huku analengwa na machozi. Hilo sitaki limpate mtumiaji mwingine.

Dawa imo ndani ya Dovecot yenyewe. Ipe folda ya taka nafasi ya ziada, kwa kanuni ya Trash:storage=+100M, na kufuta kutawezekana hata sanduku likijaa, mradi nafasi hiyo ya ziada haijajaa nayo. Kisha weka maonyo. Mimi nimeweka asilimia 80 na 95, na ujumbe nimeuandika kwa Kiswahili cha ofisini kwetu, nikitaja folda ya kuanza nayo. Haya mawili ningeyaweka kabla ya kikomo chenyewe.

Kitu kingine ninachokisifu ni huduma ya Dovecot iitwayo quota-status. Bila hiyo, Postfix hupokea barua kwanza, Dovecot inaikataa baadaye, na taarifa ya kukataliwa inarudishwa kwa anwani ya mtumaji. Kama anwani hiyo ilighushiwa na watu wa barua taka, anayesumbuliwa ni mtu asiyehusika kabisa. Ukiiunganisha, Postfix inauliza kabla ya kupokea, na seva ya mtumaji inajibiwa papo hapo: 552 5.2.2, sanduku limejaa.

Usifute faili kwa mkono diskini. Nilifanya hivyo, hesabu ya nafasi iliyotumika ikabaki ya zamani mpaka nilipoirekebisha kwa amri ya Dovecot, doveadm quota recalc. Barua za folda ya taka zilizopita siku 30 sasa naziondoa kila usiku kwa doveadm expunge, nayo hesabu inakwenda sawa.

Anayeanza sasa aangalie toleo. Mimi bado niko 2.3. Toleo 2.4, lililotoka mwaka 2025, limebadilisha uandishi wa mipangilio, kwa hiyo mistari ya 2.3 haihamishiki kama ilivyo, na maelekezo mengi utakayokuta yameandikwa kwa ajili ya 2.3.

Dada wa uhasibu leo asubuhi yuko asilimia 64. Huniuliza mwenyewe kila mwisho wa mwezi.